Hereni ya Lulu Isiyo na Lulu

Wiki hii nina barua mkononi. Imetoka kwa mama mmoja wa Temeke, ambaye ameniomba nisilitaje jina lake. Binti yake anaolewa. Sonara mmoja wa hapa mjini amemwonyesha picha ya rangi ya msichana wa Kizungu aliyejifunga kilemba cha buluu chenye ncha ya manjano inayoning'inia mgongoni, anatazama nyuma juu ya bega lake, midomo imeachama kidogo, na sikioni mwake inaning'inia lulu kubwa kama tone la maji. Sonara akamwambia: "Mama, nitamtengenezea bibi harusi hereni kama hizi hizi, lulu halisi kama ya kwenye picha." Malipo ya kwanza anayoyataka ni sawa na fedha zote zilizowekwa kwa ajili ya sare za wanawake wa upande wa bibi harusi. Mama anauliza: lulu ya kwenye picha ni ya namna gani, na yeye akilipa atakuwa analipia kitu gani hasa?

Nianze na lile la kwanza. Mama, kwenye picha ile hakuna lulu. Kuna matone mawili ya rangi nyeupe. Nitaeleza.

Picha hiyo ilichorwa na Johannes Vermeer, Mholanzi wa mji wa Delft, kiasi cha mwaka 1665. Ni picha ndogo. Urefu wake ni sentimita 44 na nusu na upana wake ni 39, haizidi trei ya kuandalia chai. Leo imetundikwa katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague, na watu husafiri kutoka mabara yote kwenda kusimama mbele yake. Lakini mwaka 1881 iliuzwa mnadani katika mji huo huo, ikiwa chafu na imechakaa, kwa gulden 2 tu na ada ya senti 30. Naam, gulden mbili! Aliyeinunua, mkusanyaji wa picha aitwaye Arnoldus des Tombe, ndiye aliyewaachia makumbusho alipofariki mwaka 1902.

Msichana mwenyewe hajulikani. Kwa Waholanzi wa wakati ule picha ya namna hii haikuwa ya mtu aliyelipa ili achorwe. Ilikuwa sura tu, iliyovishwa mavazi ya kigeni, ili mwenye fedha zake ainunue na kuitundika sebuleni. Wasichana wa Delft hawakuwa wakifunga vilemba. Ile habari kwamba alikuwa mtumishi wa ndani nyumbani kwa mchoraji, na kwamba hereni zilikuwa za mke wa mchoraji, imetoka katika riwaya ya Tracy Chevalier ya mwaka 1999 na filamu iliyofuata mwaka 2003. Ni kazi ya mtunzi, na kwa mtunzi hakuna ubaya. Ubaya huja pale mwenye duka anapoigeuza kuwa cheti cha bidhaa.

Sasa hiyo lulu. Mwaka 2018 wataalamu waliitoa picha ukutani, wakaipima kwa wiki mbili, usiku na mchana, kwa mionzi na darubini, ndani ya chumba cha vioo mbele ya wageni wa makumbusho. Mwaka 2020 walitoa majibu yao. Rangi nyeupe ilitokana na risasi iliyochimbwa Uingereza. Buluu ya kilemba ni jiwe lililosagwa, lililotoka huko Afghanistan. Wekundu ulipatikana kwa wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate kule Mexico na Amerika ya Kusini. Dunia nzima, kwa hiyo, imo ndani ya picha isiyozidi trei. Na kuhusu lulu waliona hivi: Vermeer hakuichora lulu nzima. Aliweka doa zito la rangi nyeupe upande wa juu, pale mwanga wa dirisha unapogonga. Halafu akapitisha ukungu mwepesi wa weupe upande wa chini, pale ukosi mweupe wa msichana unapojionyesha kama kwenye kioo. Basi, kazi ikaisha. Katikati ni giza la kivuli cha shingo. Hakuna mstari unaoizunguka lulu, wala hakuna kulabu ya kuitundikia sikioni. Inaelea hewani. Ni macho yetu sisi watazamaji yanayojaza vilivyobaki, nayo hujaza haraka hata hatujui kwamba tumefanya kazi hiyo.

Mtu atasema: sawa, rangi ni rangi, lakini msichana aliyekaa mbele ya mchoraji si alikuwa amevaa kitu? Huenda. Ila watu wengi waliochunguza jambo hili hawaamini kwamba ilikuwa lulu ya baharini. Ukiipima kwa sikio na shavu lake, ni kubwa mno. Lulu ya kiasi hicho, yenye umbo zuri la tone, ilikuwa mali ya wafalme, na Vermeer hakuwa mfalme. Alipofariki mwaka 1675 aliacha watoto 11, na mjane wake akampa mwoka mikate mmoja picha mbili ili kufuta deni la mikate, gulden 617. Mwaka 2014 mtaalamu wa fizikia ya nyota wa Uholanzi, Vincent Icke, aliandika kwamba mng'ao ule unafanana zaidi na wa bati au fedha iliyosuguliwa kuliko wa lulu. Lulu hurudisha mwanga kwa upole, kama maziwa. Ile ya kwenye picha hurudisha kama kioo. Wengine wanasema ilikuwa tone la kioo lililopakwa dawa.

Na vioo vya namna hiyo vilikuwepo. Mafundi wa Venice walikuwa hodari wa kutengeneza lulu za kioo. Huko Paris, katika karne hiyo hiyo ya 17, mtengeneza rozari mmoja aitwaye Jaquin alibuni njia ya ajabu: alichukua magamba ya samaki wadogo wa mtoni, akayaosha na kuyasugua mpaka akapata uji unaong'aa, akaupaka ndani ya shanga tupu za kioo, kisha akazijaza nta ili ziwe nzito. Aliyewahi kupara samaki na kuona vidole vyake vinavyometameta ataelewa mara moja. Kwa hiyo, mama, sonara akisema "lulu kama ya kwenye picha", huenda anasema kweli kuliko anavyokusudia.

Lakini kwa nini lulu? Kwa nini wachoraji wa wakati ule, kutoka Italia hadi Uholanzi na Uhispania, waliwavika wanawake wao lulu masikioni, shingoni na kwenye nywele, na si almasi? Hapa tunakutana na neno ambalo masonara wa leo wanalipenda sana: baroko. Wakati wa sanaa wanaouita wa Baroko ulianza kiasi cha mwaka 1600 ukaendelea mpaka katikati ya karne ya 18. Ni wakati wa giza zito na mwanga mkali, wa nguo zinazopepea na malaika wanaoporomoka kutoka darini. Vermeer ni mtulivu miongoni mwao, mtu asiyepaza sauti, lakini wakati wake ni huo. Waliowapa jina hilo ni watu waliokuja baadaye, na waliwapa kwa dharau. Wataalamu wengi wa lugha wanasema limetokana na neno la Kireno, barroco, ambalo masonara wa Ureno waliliita lulu iliyopinda, yenye kinundu au mkia, isiyo duara. Wapo wachache wanaolitafutia asili nyingine katika mafunzo ya mantiki ya zamani ya Kilatini, lakini mimi nakaa na lulu.

Wareno hao ni wale wale wa Fort Jesus, Mombasa, ngome waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1515, walikuwa wameushika mji wa Hormuz kwenye mlango wa Ghuba, na mpaka walipofukuzwa mwaka 1622 biashara ya Ghuba, lulu zikiwamo, ilipita chini ya macho yao. Si ajabu basi kwamba lugha iliyoipa Ulaya jina la lulu iliyopinda ilikuwa ya kwao. Wala masonara wa zama zile hawakuzitupa lulu hizo zenye vilema. Katika hazina ya Dresden, Ujerumani, kuna vinyago vidogo vya dhahabu ambavyo tumbo au kifua cha mtu ni lulu moja kubwa iliyopinda. Fundi aliitazama lulu, akaona kitambi, akamtengenezea mwenye kitambi kichwa na miguu.

Nirudi kwa wachoraji. Almasi ya wakati ule haikumeremeta kama ya leo. Mafundi walikuwa hawajajua kuikata kwa namna ya kuutoa mwanga wote wa ndani, na kwenye picha nyingi za karne za 16 na 17 utaona kito cheusi ndani ya fremu ya dhahabu, ukadhani ni jiwe la makaa. Kumbe hiyo ndiyo almasi. Lulu haihitaji kukatwa. Inatoka kwa chaza ikiwa tayari. Na kwa mchoraji ni zawadi: ndani ya tone dogo anaonyesha dirisha, kivuli, rangi ya nguo na rangi ya ngozi, yote kwa mipigo miwili mitatu ya brashi. Ndiyo maana nasema kwamba sonara anayetaka kuiga picha za Baroko ana kazi ngumu: anaiga kitu ambacho uzuri wake ulikuwa katika mwanga, si katika kito.

Lulu ilikuwa pia na maneno yake. Ilikuwa ishara ya usafi wa mwanamwali, na wakati huo huo ishara ya majivuno ya dunia. Caravaggio, Mtaliano aliyefariki mwaka 1610, alimchora Maria Magdalena akitubu: amekaa kwenye kiti kifupi, kichwa ameinamisha, na sakafuni kando yake mkufu wa lulu umetupwa pamoja na vito vingine. Vermeer naye, kiasi cha mwaka 1664, alimchora mwanamke aliyeshika mizani midogo mbele ya meza yenye lulu zilizomwagika. Kwa muda mrefu watu walisema anapima dhahabu, wengine wakasema lulu. Picha ilipotazamwa kwa darubini ikaonekana kwamba vitanga vyote viwili vya mizani ni vitupu. Hapimi kitu. Nyuma yake ukutani imetundikwa picha ya Siku ya Hukumu. Lulu ziko mezani, naye hazitazami.

Kwa Wahispania mambo yalikuwa mengine. Huko lulu ilikuwa serikali. Mchoraji wao mkuu, Velázquez, alimchora Malkia Margarita juu ya farasi akiwa na lulu mashuhuri kifuani, iitwayo La Peregrina, yaani Msafiri. Ilitoka Panama katika karne ya 16. Ipo hadithi kwamba iliokotwa na mtumwa Mwafrika, naye akazawadiwa uhuru wake. Hadithi hiyo hupendwa sana na wauzaji wa vito, ila tarehe zake haziafikiani na kumbukumbu za ikulu, nami sina hamu ya kuikariri kama kweli. Iliyobaki inajulikana: ndugu yake Napoleon aliyetawazwa Hispania aliondoka nayo, ikapita mikononi mwa watu wa ukoo wake, ikauzwa kwa lodi wa Kiingereza, na mwaka 1969 mwigizaji Richard Burton akainunua mnadani New York kwa dola 37,000 ampe mkewe, Elizabeth Taylor. Siku moja hotelini ilimpotea; akaikuta mdomoni mwa mtoto wa mbwa! Kampuni ya Cartier ikaitengenezea mkufu mpya wa lulu, rubi na almasi kwa sura ya vito vya kale. Desemba 2011, baada ya mama huyo kufariki, mkufu uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 11. Hicho ndicho kito cha picha ya Baroko unachoweza kukiita halisi bila kigugumizi, kwa sababu lulu ile ile ndiyo iliyochorwa.

Sasa nataka tushuke kidogo kutoka kwenye vifua vya malkia twende chini ya maji, maana lulu hazikuokotwa barazani. Zilizofika Ulaya zamani zile zilitoka mahali pachache: visiwa vya pwani ya Venezuela, Panama, mlango wa bahari kati ya India na Sri Lanka, na Ghuba, yaani Bahrain, Kuwait na pwani za jirani. Katika Ghuba msimu mkubwa wa kuzamia ulikuwa wakati wa joto, miezi kama minne. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio cha pembe au gamba la kasa, akatia mguu kwenye jiwe zito lililofungwa kamba, akashuka na kikapu. Dakika moja, labda na zaidi kidogo, anabandua chaza. Kisha anaitikisa kamba na mwenzake aliye juu anamvuta. Hivyo mara nyingi kwa siku, tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa, akinywa kahawa na kula tende chache tu ili tumbo lisimtie uzito. Masikio yalipasuka, macho yaliharibika kwa chumvi. Na mkubwa wa chombo aliitwa kwa jina tunalolijua sote: nahodha. Nahodha alimkopesha mpiga mbizi kabla ya msimu. Msimu ulipokwisha hesabu ilionyesha deni. Na deni halikumaliza msimu uliofuata wala uliokuja baadaye.

Hao walikuwa watu huru. Kulikuwa na wengine. Katika karne ya 19, matajiri wa Ulaya na Amerika walipozidi kuzitaka lulu, vyombo vya Ghuba viliongezeka na mikono ikahitajika. Sehemu ya mikono hiyo ilitoka kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza, lakini majahazi yaliendelea kupitisha watoto na vijana kwa siri. Baadhi yao walikulia Oman na Ghuba, wakafundishwa kuzamia, na walichopata baharini kikaenda kwa aliyewamiliki. Tunayajua haya kwa sababu baadhi yao, wakiwa watu wazima, walikimbilia ofisi za Waingereza za Muscat na Bushehr na kwingineko kuomba hati za uhuru, na makarani wakaandika waliyosema: nilichukuliwa mdogo, kutoka pwani fulani, nikauzwa, nikafanywa mpiga mbizi. Neno lulu tumelichukua kwa Waarabu, na tunawaita binti zetu Lulu kwa upendo. Ni vizuri pia kujua kwamba kuna mababu zetu waliolijua neno hilo kwa pua iliyobanwa.

Biashara hiyo ilivunjika kwa namna mbili kwa pamoja. Huko Japani, Kokichi Mikimoto alifaulu mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze nusu lulu kwa kumpandikizia kitu ndani ya gamba, na baada ya miaka michache Wajapani wakaweza lulu duara kamili. Katika miaka ya 1920 zikaenea madukani Ulaya. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 1929 na wanunuzi wakapotea. Kuna kisa kimoja kinachoonyesha anguko hilo kuliko hesabu zozote. Mwaka 1917 Cartier walipata jumba lao la New York, kwenye barabara ya Fifth Avenue, kwa kubadilishana na mkufu wa lulu za asili wa nyuzi mbili, uliokadiriwa kuwa wa dola milioni moja, na dola 100 za juu. Mwaka 1957 mkufu ule ule uliuzwa kwa takriban dola 150,000. Jumba bado liko pale pale na bado ni la Cartier. Kule Ghuba, Bahrain ilipata mafuta mwaka 1932 na wapiga mbizi wakageuka vibarua wa visima. Nyumba za wafanyabiashara wa lulu wa mji wa Muharraq ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2012.

Kwa maoni yangu, Mikimoto aliwafanyia wanadamu hisani. Nimesikia wanawake wa mjini wakisema "hizo za kufugwa" kwa midomo iliyopinda, kana kwamba ni kuku wa kisasa. Lulu ya kufugwa ni lulu. Chaza ni yule yule, ute wake unaoganda tabaka juu ya tabaka ni ule ule. Tofauti ni kwamba mtu ndiye aliyeweka chanzo chake ndani. Ile ya asili huanza yenyewe, mara nyingi kwa jeraha au kijidudu kilichoingia kwenye nyama ya chaza, na ile hadithi ya chembe ya mchanga tuliyofundishwa shuleni ni nadra kutokea.

Basi, mama wa Temeke, nikujibu la pili. Sonara anaweza kukupa kitu kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni lulu ya asili. Jozi ya lulu za asili za umbo la tone, kubwa kama ya kwenye picha na zinazofanana, ni kitu cha minada ya London na Geneva. Fedha za sare haziifikii hata kwa mbali. Tena angalia: mchoraji alihitaji sikio moja tu, lakini bibi harusi ana masikio mawili, na kuipata lulu ya pili inayolingana na ya kwanza ni taabu kuliko kuipata hiyo ya kwanza. Cha pili ni lulu ya kufugwa. Hizo zinapatikana kwa bei nyingi, na zile za maji baridi kutoka China ni za bei nafuu, hasa zilizopinda, ambazo masonara wa leo huziita kwa fahari lulu za baroko. Mimi nazipenda, hakuna mbili zinazofanana, na hazijifanyi. Cha tatu ni kioo au plastiki iliyopakwa. Hereni za mtindo wa picha hii huuzwa kila mahali duniani, na nyingi kati yake ni za namna hii ya tatu. Kuzivaa si dhambi, ikiwa zimeuzwa kwa bei ya kioo. Na picha yenyewe haina mwenyewe wa kulipwa. Kila fundi ana ruhusa ya kuiiga, kwa hiyo usilipie jina la Vermeer hata senti moja.

Jinsi ya kuzitambua. Ichukue lulu uisugue polepole kwenye ncha ya meno yako ya mbele. Ya chaza, iwe ya asili au ya kufugwa, utaisikia ina ukakasi kama mchanga laini sana. Ya kioo au plastiki huteleza. Mwombe radhi sonara kwanza, na uifute kabla na baada. Kisha tazama kwenye tundu ilipotobolewa: ya kuigiza mara nyingi rangi yake imebanduka pembeni mwa tundu, na chini yake unaona kioo au plastiki. Ya plastiki pia huwa nyepesi mno mkononi. Jino halitakwambia kama lulu ni ya asili au ya kufugwa. Hilo huhitaji picha ya eksirei katika maabara ya vito, na sonara anayedai ni ya asili ndiye anayepaswa kukuonyesha cheti cha maabara, si wewe kumwamini uso.

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, mwambie aandike kwenye risiti maneno haya: lulu ni ya aina gani, ya bahari au ya maji baridi, ya kufugwa au ya kuigiza; ukubwa wake kwa milimita; na kulabu ni ya fedha au ya dhahabu ya karati ngapi. Kama ni fundi mwaminifu hataona taabu kuandika. Akianza kukuonyesha tena ile picha ya msichana mwenye kilemba, rudi nyumbani na fedha zako ukanunue sare.

Na kama moyo umeshikilia lulu, iko njia nyingine iliyo karibu kuliko Delft. Katika miaka ya 2000 wanawake wa vijiji vya Fumba na Bweleo, kusini mwa mji wa Unguja, walianza kufuga chaza wa lulu katika ghuba ya Menai kwa msaada wa wataalamu wa bahari. Wanachovuna ni nusu lulu: kitu kidogo cha mviringo hubandikwa upande wa ndani wa gamba, chaza anakifunika kwa ute wake kwa miezi mingi, kisha lulu inakatwa pamoja na kipande cha gamba. Nyuma yake ni bapa, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye hereni ya kubana sikioni. Haifanani na tone la Vermeer. Ina rangi zake, na unaweza kumwona aliyeifuga.

Zikishapatikana, ziwe za Unguja au za kwingineko, bibi harusi ajipake marashi na mafuta kwanza, ajifukize udi, nguo zitulie mwilini, halafu ndipo avae lulu. Na usiku wakati wa kuvua, lulu zianze. Jasho na marashi huula ule ute mpaka lulu ikafifia, na ndimu au siki huiharibu haraka zaidi. Zifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, zilazwe ndani ya mfuko wao peke yao, mbali na bangili za dhahabu, maana lulu ni laini na chuma chochote huikwaruza.